Mtungi wa Kobero

Mpaka wa Kobero, kati ya Burundi na Tanzania, ulikuwa umechangamka tena kwa miezi michache tu. Vikwazo ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi tangu Julai 1996 vilisitishwa Januari 1999, na malori yakaanza upya kupanda kutoka Kahama na Nyakanazi, kupita Kabanga, hadi kwetu Butihinda. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikimbebea spana fundi mmoja mzee aliyejifunzia kazi Buyenzi, kule Bujumbura, mtaa ambao gereji na Kiswahili vimelelewa pamoja.

Asubuhi moja ikaletwa Land Cruiser ya miaka ya themanini. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Muyinga tuliyemwita Alhaji. Baada ya salamu akasema, "Fundi, kiyoyozi kinanipulizia joto. Na mwezi jana tu wamenibadilishia gesi, wakaweka ile mpya."

Huku milimani mtu anaweza kuuliza kiyoyozi cha nini. Lakini Alhaji alikuwa akishuka Bujumbura kila wiki, na mkewe ana pumu. Vumbi liliwalazimu kufunga vioo, na vioo vikifungwa kule bondeni, gari linakuwa tanuri.

Chini ya boneti kulikuwa na karatasi mpya iliyoandikwa R-134a. Kwenye midomo ya kujazia gesi, ambayo kwa gari la umri ule huwa ya kukaza kwa hesi, zilifungwa adapta mpya za kuchomeka. Nikaunganisha geji. Sindano ikasimama karibu bar 4.7, nami nikatangaza kwa furaha kwamba gesi ipo na ni R-134a.

"Umejuaje jina lake?" fundi akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Gari likiwa limezimwa, kwenye nyuzi 20 kama asubuhi ile, R-12 ya zamani na R-134a mpya husukuma kwa nguvu inayokaribia kulingana kabisa. Maadamu kuna kimiminika kidogo ndani, sindano inasimama palepale. Inakwambia kuna kitu, haikwambii ni kitu gani, wala ni kiasi gani.

Akaleta taa yake: kichupa cha gesi, mwali mdogo unaochoma kibati cha shaba, na mpira mwembamba wa kunusa. Tulilisukuma gari nje, tukasimama upande upepo unakotoka, kwa sababu gesi ile ikipita motoni hutoa moshi wa sumu. Akapeleka mpira kwenye mdomo wa gesi na kuachia kidogo sana. Mwali ukageuka kijani kibichi, rangi ya jani changa la mgomba.

R-134a haina klorini. Mwali ungebaki ulivyo. Kijani kile kilisema R-12 bado imo. Chujio la unyevu lilikuwa lilelile la kiwandani, limeliwa na kutu, na oringi zote za zamani. Waliongeza gesi mpya juu ya ile ya zamani, juu ya oili ya zamani. R-134a haichanganyiki na oili ile, kwa hiyo haiirudishi kwenye kompresa, na kompresa ilikuwa imeanza kulia kwa ukavu.

"Wamekuuzia karatasi, Alhaji," fundi akasema. Alhaji alikaa kwenye jiwe, akanyamaza muda mrefu.

Mimi nikachukua spana nilegeze nati. Ndivyo nilivyozoea: unalegeza, inafoka, unaendelea na kazi. Nilifanya hivyo kwa magari mengi na inaniuma. Fundi alinishika mkono, akanituma barafu kwa muuza soda. Akaupima mtungi mtupu uliokwisha kunyonywa hewa, akaulaza ndani ya beseni la barafu, akaunganisha mpira, akaliacha gari juani na boneti imefungwa. Gesi hukimbilia penye baridi na kugeuka kimiminika huko. Ilituchukua hadi alasiri, na yote haikutoka, lakini mtungi uliongezeka uzito kwa zaidi ya nusu kilo. Akaupaka rangi nyekundu shingoni, akaandika kwa mkono MCHANGANYIKO. Wakati wa vikwazo aliona friji ya duka la dawa ikifa kwa kukosa R-12, na alitamani gesi hii ya mtungini ingefaa kwa friji kama ile. Haikufaa. Ilikwisha kuharibiwa.

Siku zilizofuata tulimwaga oili yote, tukasafisha mabomba, tukaweka oili inayopatana na gesi mpya, chujio jipya na oringi mpya. Pampu ilinyonya hewa karibu saa nzima kwa umeme wa jenereta. R-134a aliipima kwa mizani, takriban asilimia 85 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kiwandani. Mke wa Alhaji alitushukuru kwa kapu la maparachichi.

Burundi ilijiunga na Itifaki ya Montreal, ya kulinda tabaka la ozoni, mwaka 1997, miaka miwili kabla ya siku ile, nami sikuwa nimeisikia. Baadaye nilijifunza kwamba R-12 hukaa angani takriban miaka mia, klorini yake ikila tabaka la ozoni, na kwamba kilo moja yake hupasha dunia joto kama tani kumi za hewa ya ukaa. Nchi kama zetu zilipewa hadi 2010 kuacha gesi za aina ile. Mwaka 2016, hapo Kigali kwa jirani, hata R-134a tuliyoisherehekea iliwekwa kwenye orodha ya kupunguzwa, kwa kuwa nayo hupasha dunia joto.

Fundi alinirithisha mtungi. Uko kwangu, kivulini, mbali na moto. Kila mwaka baada ya Ramadhani naukwangua kutu, naupaka rangi shingo, naupima. Mwaka huu haujapungua hata gramu moja.