Nilimwambia Ini Lake Liko Salama

Nilimwambia mgonjwa mwenye ini lililojaa makovu kwamba ini lake liko salama. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Naungama hadharani kwa sababu kosa nililofanya ni rahisi mno kufanyika, na naamini bado linafanyika.

Alikuwa dereva wa lori, umri miaka 57. Ujanani alipata ajali akaongezwa damu, wakati damu ilikuwa bado haipimwi hepatitisi C. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989. Vipimo vilithibitisha kwamba anacho mwilini. Majibu ya ini yalipotoka maabara, macho yangu yalikimbilia ALT. Ilikuwa 34, na kikomo cha kawaida kwenye karatasi ile kilikuwa 40. "Mzee wangu, ini lako liko salama," nikamwambia. "Dawa zinaweza kusubiri." Alinishukuru, akaondoka na mkewe.

Karatasi ile ilikuwa na mengine. AST, kipimo kingine cha ini ambacho huweza kupandishwa na misuli pia, ilikuwa juu: 62. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 92,000, wakati zilipaswa kuwa angalau 150,000. Niliona yote mawili. AST nikasema ni misuli, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya kuhangaika na magurudumu na mizigo. Chembe sahani nikasema ni malaria, ambayo kweli huzishusha, ingawa hakuwa na homa wala sikumpima. Nilitamani kumpa habari njema, na kila kilichoipinga nikakitafutia udhuru.

ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli ikiumia, huvuja na kuingia kwenye damu. Kiwango chake, basi, kinahusu seli zinazoumia wakati huo. Makovu yaliyojijenga kwa miaka ishirini au thelathini hakiyataji. Moshi huonyesha moto unaowaka sasa, hauhesabu nyumba zilizokwisha kuteketea. Katika hepatitisi C sugu ALT hupanda na kushuka, na wako wagonjwa wengi ambao ALT yao huwa ya kawaida huku ini likiendelea kuharibika. Ini likishasinyaa, ALT yaweza kushuka kabisa na AST ikaizidi. Makovu huzuia damu kupita, bandama hufura na kuzinasa chembe sahani, nazo hupungua katika damu. Karatasi niliyoishika ilikuwa inanieleza hayo yote.

Iko hesabu iitwayo FIB-4, iliyochapishwa tangu mwaka 2006: umri mara AST, ugawanye kwa chembe sahani, kwa maelfu, mara kipeuo cha pili cha ALT. Jibu likizidi 3.25, yaelekea makovu ni mazito. La kwake lilikuwa 6.6. Nililikokotoa nikiwa nimeshachelewa.

Alirudi akitapika damu. Mishipa ya umio ilikuwa imefura na kupasuka. Wenzangu waliifunga wakaokoa maisha yake, na baadaye vidonge vikakimaliza kirusi. Makovu yamebaki, na kila miezi sita anapigwa ultrasaundi kuangalia kama saratani ya ini imeanza. Sikuyaleta mimi makovu yale; yalikuwepo siku ile. Nilichomnyang'anya ni muda: wa kutibiwa mapema, wa kuchunguzwa umio kwa kamera, wa kupewa dawa ya kupunguza shinikizo katika mishipa ile kabla haijapasuka.

Nilikaa naye na mkewe nikawaonyesha karatasi ya mwanzo. Mama akauliza, "Kwa hiyo ilikuwa imeandikwa humu humu?" Nikamjibu, ndiyo, Mama, ilikuwa imeandikwa, nami niliiona. Niliomba msamaha. Mzee alinipa mkono. Mama hakunipa, na sina haki ya kumdai.

Kwa wewe uliyeambiwa una hepatitisi C na kwamba ALT yako ni ya kawaida: uliza AST yako ni ngapi, chembe sahani ni ngapi, FIB-4 ni ngapi. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima mwenye kirusi hiki atibiwe, bila kungoja ini liharibike. Daktari akikuambia maswali hayo hayana haja, chukua karatasi yako uende nayo kwa mwingine. Laiti mzee yule angefanya hivyo siku ile.