Gereji ya Bondeni

Mtu akiniuliza ni nini kinachoua magari kaskazini mwa Maine, namjibu kuwa ni chumvi. Baridi hulichosha gari na theluji hulikwamisha, lakini chumvi hulila, tena kuanzia chini, mahali ambapo mwenyewe hapaoni mpaka siku anapokanyaga breki na pedali ikazama hadi sakafuni. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi huku nimeipitisha chini ya magari, taa mkononi, nikisoma kutu. Elimu hiyo sikutoka nayo Kongo.

Ufundi niliuanzia Uvira, kwenye gereji ya mjomba wangu kando ya barabara iendayo Bukavu. Tulitengeneza Hiace na Land Cruiser zilizokuwa zikipanda na kushuka milima ya Ngomo zikiwa zimejaa watu, magunia na mbuzi. Springi zilikatika, boljointi zililegea, klachi ziliungua, na breki zilichemka kwenye mteremko hadi zikatoa moshi. Kutu tuliijua kwenye mabati ya nyumba. Mjomba alikuwa na desturi moja: kila kipuri kibovu alichokitoa alikiweka juu ya gazeti, na mwenye gari hakuondoka bila kukishika mkononi. “Usipomwonyesha,” aliniambia, “atadhani umemuuzia maneno.” Vita vilipotuondoa tulivuka ziwa, tukapokelewa Kigoma, kisha tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu Wakongomani. Kule nilitengeneza baiskeli na mashine za kusaga mahindi. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, na hatimaye jina letu likatoka kwenye orodha ya wanaopelekwa Marekani. Tukaletwa Maine, mjini Lewiston.

Lewiston nilipata kazi kwenye karakana kubwa. Siku nzima ni kumwaga oili na kubadilisha matairi, na mtu wa kaunta ndiye aliyezungumza na mteja. Mimi nilimwona mwenye gari kupitia kioo tu. Nililipwa vizuri, lakini kuna jambo lilinikera: karatasi aliyopewa mteja ilikuwa na orodha ndefu ya matengenezo yaliyoandikwa kwa wino mwekundu, na mtu mwenye mshahara mdogo alishindwa kujua lipi litamwua na lipi linaweza kusubiri miaka miwili. Wengine walilipia lililo jepesi wakaondoka na lililo baya. Ndipo niliposikia kwamba kuna mzee huko juu kabisa, kwenye Bonde la Mto Saint John, anatafuta fundi kwa sababu mabega yake yamechoka. Nilimpigia simu. Kiingereza changu kilikuwa bado kizito, naye akasikia lafudhi yangu, akaniuliza kwa Kifaransa ninatoka wapi. Tukaendelea kwa Kifaransa mpaka mwisho. Juma lile lile nilipanda basi kwenda kumwona.

Kutoka Lewiston hadi Bondeni ni mwendo wa saa tano. Barabara kuu namba 95 inakomea Houlton; baada ya hapo unashika barabara namba 1 kupitia Presque Isle, Caribou na Van Buren, katikati ya mashamba ya viazi na misitu. Wenyeji wengi ni wazao wa Waakadia, watu wa lugha ya Kifaransa, waliofika mtoni mwaka 1785. Mkataba wa 1842 ukaugeuza mto ule kuwa mpaka, ndugu wengine wakawa Kanada na wengine Marekani. Mtu wa Uvira, aliyezoea kuona jamaa wamekatwa na mto Ruzizi, hahitaji kuelezwa mara mbili. Mzee yule aliniambia kwamba alipokuwa mtoto aliadhibiwa shuleni kwa kusema Kifaransa, maana sheria ya jimbo, tangu 1919, ilikataza kufundisha kwa lugha hiyo. Pengine ndiyo sababu hakuona ajabu kumpokea mgeni ambaye Kiingereza hakijamkaa ulimini.

Niliporudi na kusema kwamba tutahamia Bondeni, mke wangu alinitazama kwa muda mrefu. “Baba watoto, huko hakuna mtu wetu hata mmoja.” Alisema kweli. Tulikwenda hata hivyo, na mtu wa kwanza kutuletea kuni alikuwa mteja wa gereji, na alizipanga mwenyewe ukutani kabla hatujaamka.

Baridi ya kule ilinifundisha upya vitu nilivyodhani navijua. Betri, kwa mfano. Betri ni mchanganyiko wa kemikali, na kemikali hupooza kwenye baridi. Nyuzi 18 chini ya sifuri, betri iliyo nzima hubaki na takriban nusu ya nguvu zake, wakati huo huo oili imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi kuizungusha injini. Ndiyo maana kwenye lebo ya betri huku mtu husoma kwanza ile namba ya ampia za kuwashia kwenye baridi, ambayo hupimwa kwenye nyuzi hizo hizo 18. Oili nayo: ile W kwenye 0W-20 au 5W-30 ni ya majira ya baridi, na kadiri namba iliyo mbele yake inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyofika haraka kwenye vyuma asubuhi. Magari mengi hufungwa hita ya injini, waya wake unaning’inia mbele kwenye grili, na usiku mwenyewe anauchomeka kwenye umeme wa nyumba. Malori ya dizeli yana shida yake: nta iliyomo kwenye mafuta huganda na kuziba chujio, kwa hiyo tunachanganya mafuta mepesi kabla baridi haijashika. Mambo haya yote yana dawa, na dawa yenyewe inanunulika dukani.

Kutu haina duka. Chumvi ya kawaida huyeyusha barafu vizuri mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo huongezewa maji ya kloridi ya magnesi au ya kalsi, ambayo hunata kwenye chuma na kuvuta unyevu hewani hata siku kavu. Caribou hupata zaidi ya mita mbili na nusu za theluji kwa majira ya baridi ya kawaida, na mzee hakuacha kusimulia majira ya 2007 hadi 2008 zilipoanguka inchi 197 na zaidi. Kila theluji inapoanguka, chumvi inafuata. Huingia kwenye maungio ya chesisi, kwenye mabomba ya breki, kwenye mabomba ya mafuta, ndani ya kizingiti cha mlango. Bolti ambayo Uvira ningeifungua kwa spana moja, huku naipashia moto wa gesi, naipaka mafuta ya kupenya, naisubiri, na bado inakatika kichwa. Kazi ya saa moja kwenye kitabu huwa ya saa tatu. Fundi asiyemweleza mteja hilo mapema ndiye anayeitwa mwizi.

Kuna mama mmoja, mtunza wazee wa majumbani, anayezunguka usiku kuwageuza na kuwapa dawa wagonjwa wasioweza kuamka. Basi hakuna, teksi hakuna. Gari lake likilala, kuna bibi kizee mahali fulani atalala hajageuzwa. Alileta Subaru ya zamani mwezi wa Novemba akitaka matairi ya theluji, na fedha zake zilitosha matairi tu. Nililipandisha kwenye lifti. Injini ilikuwa ikivuja oili kidogo kwenye gaskiti ya kifuniko cha valvu. Bushi za mbele zilikuwa zimepasuka. Bomba la ekzosi lilikuwa limetoboka kwenye kiungo, chini ya kiti cha nyuma, na mabomba mawili ya breki ya kuelekea nyuma yalikuwa yamevimba kwa kutu. Nilipoyagusa kwa kidole magamba yalianguka.

Nilimwita ndani, nikampa kofia, nikamwonyesha kama mjomba alivyonifundisha. Nikamwambia: uvujaji huu wa oili unasubiri, utatazama kijiti kila Jumapili. Bushi zinasubiri mpaka majira ya joto, zitapiga kelele tu. Breki hazisubiri hata leo jioni. Ekzosi nayo haisubiri, kwa sababu sakafu ya gari lako ina tundu, na ile hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi haina harufu wala rangi. Ukikwama kwenye theluji injini ikiwaka, utasinzia na hutaamka. Alikaa kimya, akauliza kuhusu matairi. Mzee alikuwa na seti iliyotumika, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji, mpira wake ukiwa laini bado, na akamwachia kwa bei ndogo. Nilivuta mabomba mapya ya breki ya shaba na nikeli, ambayo hayaliwi na chumvi kama ya chuma, nikayakunja kwa mkono kufuata njia ya zamani. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Bomba likikaa sawa kwenye vishikizo vyake, likapita mbali na ekzosi, naridhika kabisa.

Baadaye nilipata leseni ya ukaguzi, inayotolewa na Polisi wa Jimbo la Maine. Kila gari hukaguliwa kila mwaka na kubandikwa stika kwenye kioo cha mbele. Nilipoanza, ada huku kwetu ilikuwa dola 12.50. Watu wanauogopa ukaguzi huo, na wana sababu, kwa kuwa kuna mafundi wanaoutumia kama wavu wa kunasia kazi. Lakini kuna upande wa pili. Mkulima mmoja wa viazi, mtu aliyetusaidia sana tulipohamia, alileta pikapu ambayo nyundo ilizama ndani ya chesisi yake, akaniomba stika kwa sababu mavuno yalikuwa yameanza. Nilikataa. Nilimwonyesha tundu, nikamweleza kwamba siku atakapopakia mzigo chuma kitakatika akiwa barabarani, na ile ni barabara ya basi la shule. Alichukua funguo zake bila kuaga. Hajarudi, na kanisani hupita mlango mwingine. Linaniuma hadi leo, ila stika ile ingekuwa na saini yangu.

Siku hizi Wakongomani wa Lewiston na Portland hunipigia simu kabla ya kununua gari, na simu hizo nazipokea hata nikiwa nakula. Nawaambia wasidanganywe na rangi inayong’aa. Chukua taa, lala chini, gonga chesisi kwa nyundo ndogo nyuma ya magurudumu ya nyuma. Sauti kavu ni nzuri, sauti ya bati bovu uondoke. Fuata mabomba ya breki kwa macho toka mbele hadi nyuma. Inua zulia la dereva. Ukiona chini kumepakwa lami nyeusi mpya, uliza kuna nini chini yake, maana lami nene hufungia maji ndani na kutu huendelea kula kwa siri. Kinachofaa ni mafuta mepesi yanayopulizwa kila mwaka mwishoni mwa Septemba, chuma kikiwa kikavu. Na siku ya Januari au Februari joto likipanda juu ya sifuri, lioshe gari chini, hata kama juu ni chafu.

Juzi kijana mmoja kutoka Fizi, aliyepata kazi ya kufunga nyama, alinipigia akiwa amesimama mbele ya muuzaji. Alinitumia picha za gari. Nikamwambia amwombe muuzaji ruhusa ya kulipandisha kwenye lifti ya gereji yoyote ya jirani, hata kwa kulipia. Muuzaji akakataa. “Sasa nifanyeje, mzee?” akaniuliza. Nikamwambia arudishe fedha mfukoni, apande basi la kampuni mwezi huu, na Jumamosi nitashuka Lewiston tukatafute pamoja.