Kiti Kina Mtu

Mahali pa watu wote, maswali machache yana uzito kama hili: "Kiti hiki kina mtu?" Likijibiwa, "Kina mtu," muulizaji huenda zake bila ya kutaka ushahidi. Huamini neno la mtu asiyemjua, na kwa imani hiyo hubaki wima. Jibu hilo basi ni amana, na alitoaye ana deni la ukweli.

Wakazi wa miji ya pwani hujifunza adabu hii barazani. Baraza ya mawe mbele ya nyumba ya Unguja au Lamu ni mali ya mwenye nyumba, walakini hata jirani na mpita njia hupumzika hapo. Haina nambari wala mipaka ya viti. Ajaye nyuma hutoa salamu, na waliotangulia husogea. Jiwe halirefuki, watu ndio wapunguao.

Dini nayo imeweka mizani. Katika Kurani, sura ya 58, aya ya 11, waumini huamriwa kupeana nafasi katika mabaraza. Na katika mkusanyo wa Imamu Muslim imo hadithi kwamba aliyeondoka mahali pake kisha akarudi ana haki zaidi ya mahali hapo. Amri hizi hazigombani. Moja humkaribisha aliyefika; nyingine humlinda aliyetoka kwa haja ya muda.

Katika vituo vya daladala vya Dar es Salaam, saa za jioni, aghalabu mkoba hutangulia dirishani, na mwenyewe hufuata mlangoni. Kijana mwepesi huketi kiti kimoja, akaweka kitambaa juu ya kiti cha pili kwa ajili ya rafiki ambaye bado yu njiani. Mama mwenye mtoto mgongoni huuliza, akajibiwa, "Kina mtu." Rafiki huja baadaye, akaketi, mama husafiri ameshika bomba. Nauli yao ni moja, na mama ndiye aliyetangulia kufika.

Msomi asicheke, maana maktabani mambo ni yale yale. Siku za mitihani daftari huwekwa mezani asubuhi, mwenyewe akaenda kula, kuzungumza, hata kulala. Mwenzake asiye na meza wala taa ya kutosha chumbani huzunguka akitafuta nafasi. Daftari lisilosomwa limemzuia mtu kusoma.

Haki ya kiti hufuata haja, na haja ina muda wake. Aliyekwenda kunywa maji alindiwe mahali pake. Aliyekwenda kwa nusu ya siku amekwisha kupaacha. Naye mlinzi wa kiti ana jibu bora kuliko lile la kwanza: "Mwenzangu atarudi punde, kaa mpaka afike." Kwa jibu hilo rafiki hapotezi haki yake, na aliyechoka hupata kupumzika. Ziko adabu zinazohitaji mali. Hii yahitaji kusogea tu.