Je, Ngano za Wazee Wetu Zina Kazi Leo?



Vijana wengi wa zama hizi huuliza: ngano za kale zina kazi gani kwetu sisi, tulio na simu mikononi na elimu ya sayansi madarasani? Mimi nami niliwahi kudhani kwamba zimekwisha kazi, na kwamba mahali pake ni ukumbini kwa bibi, baada ya sala ya isha, watoto wanapotafutiwa usingizi. Lakini mwaka 2024 ngano moja ilikaribia kuvunja posa nyumbani kwangu, na tangu siku hiyo siwezi tena kusema kwamba ngano zimekufa.

Aliyeposwa ni binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake hayupo, babu yake hayupo, wala hana ndugu wa kiume. Kwa hiyo uwalii ulinifikia mimi. Aliyeposa ni mwalimu wa shule, kijana mwenye kuswali, mpole wa ulimi, asiyedaiwa na mtu. Binti mwenyewe ameridhia. Nikawakusanya wazee kama ilivyo ada, na ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sote, akaketi mbele.

Baada ya kahawa ami aliuliza swali moja tu: "Kijana huyu asili yake ni wapi?"

Akajibiwa kwamba babu yake alitoka bara, akaja pwani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Ami akakiweka kikombe chini, akasema: "Sisi ni Washirazi. Wazee wetu walikuja na majahazi saba. Huyu si kufu yetu."

Watu wakanyamaza. Nami, niliye walii, nikanyamaza pamoja nao. Ukimya wangu huo ndio kosa langu, na ndio ulionifanya nishike kalamu leo.

Majahazi hayo nayajua tangu utotoni. Bibi yangu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, alitusimulia mara nyingi hata tukawa tunamtangulia kwa maneno. Katika nchi ya Shiraz, alisema, palikuwa na sultani aliyeota panya mwenye pua ya chuma akiutoboa ukuta wa mji. Akajua kwamba nchi yake itaharibika, akapakia watoto wake na mali yake majahazini, na kila jahazi likatia nanga mahali pake. Moja likafika Kilwa Kisiwani. Mwenye kisiwa alikuwa Mzee Mrimba. Mgeni akaomba mahali pa kukaa, akatoa nguo na ushanga, kisha akamwoa binti wa Mrimba. Mwisho mzee akakubali kuhama, kwa sharti kwamba atandikiwe nguo kutoka kisiwani mpaka bara, apite juu yake. Zikatandikwa, akavuka, na nyuma yake bahari ikajaa, isiache njia tena.

Hadithi hii si ya bibi yangu peke yake. Imo katika kitabu cha Kiarabu cha habari za Kilwa kilichotungwa karne ya 16. Imo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. Tena imo katika masimulizi ya Kiswahili yaliyoandikwa baadaye. Kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia: huyu ana panya, yule hana, huyu anataja ununuzi, yule anataja ndoa. Wala jina la Shirazi halikubakia ukumbini. Mwaka 1957 Unguja palianzishwa chama cha Afro-Shirazi, kikiunganisha katika jina lake Afrika na Shiraz.

Mwanangu anayesoma chuo kikuu aliposikia yaliyopita barazani alicheka. "Baba," alisema, "mmekwama kwa ngano tupu! Mlango wa bahari wa Kisiwani una kina cha kupitisha meli. Nani angeutandikia nguo? Waliochimba magofu wamekuta kwamba watu walikaa Kilwa muda mrefu kabla ya hao masultani, nao walijenga kwa miti na udongo. Na lugha yetu ni ya Kibantu. Wataalamu wengi wamekwisha sema kwamba habari ya Shiraz ilitungwa ili watu wajipatie heshima."

Sikuwa na la kumjibu, maana sehemu kubwa ya maneno yake ni kweli. Lakini kijana huyu ana sifa moja ninayomshukuru Mungu kwayo: akikosea husema. Baada ya siku chache alirudi kwangu na karatasi mkononi, uso umebadilika.

Mwezi wa Machi 2023, alinieleza, wataalamu, miongoni mwao Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya, walitangaza matokeo ya kupima chembe za urithi katika mifupa ya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani, kama Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Wakaona kwamba wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na damu mbili: ya Afrika, iliyotoka zaidi kwa mama zao, na ya Asia, ambayo sehemu yake kubwa ni ya Uajemi na ilitoka zaidi kwa baba zao. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Ni lazima niongeze kwamba wengi waliopimwa walizikwa makaburi ya wakubwa, kwa hiyo hatuwezi kuwasemea watu wote wa pwani.

Basi ngano, iliyodhaniwa kuwa ni uongo mtupu, ilikuwa imebeba jambo la kweli kwa muda wa karne nyingi, kama mtu aliyebeba kaa la moto ndani ya majivu. Hata jina la Ali bin al-Hasan, ambaye vitabu vinamtaja kuwa sultani wa kwanza wa Kilwa, limeonekana limepigwa katika sarafu za shaba zilizofukuliwa huko. Panya wa chuma hatukumwona, na nguo juu ya bahari hatukuziona. Lakini wageni walikuja, wakaoa, wakazaa.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nikiwaza jambo ambalo bibi alilisema kila mara nasi hatukulisikia. Watu huhesabu majahazi, huwahesabu watoto wa sultani, hutaja nguo na ushanga. Lakini katikati ya kisa yuko mwanamke, binti wa Mrimba. Bibi hakututajia jina lake. Bila yeye mgeni angebaki mgeni, na sisi tusingekuwako. Yeye na wenzake ndio waliowafundisha watoto wa majahazi kusema, na ndiyo maana lugha yetu ni ya Kibantu mpaka leo. Ngano haikumficha, sisi ndio tuliomruka.

Asubuhi nilikwenda kwa ami. Sikuchukua karatasi ya mwanangu, kwa kuwa nilijua kwamba ngano iliyofunga mlango ndiyo itakayoufungua. Nilimpa salamu, nikambusu mkono, nikasema: "Ami, nikumbushe. Yule aliyekuja Kilwa alimwoa nani?"

"Binti wa Mrimba," akajibu. "Hujui?"

"Na mwana wao alipokuwa mtu mzima alifanya nini?"

Ami akatazama chini. Masimulizi ya Kiswahili yanajibu, naye ayajua kuliko mimi: kijana alikwenda kumzuru babu yake, na babu yake ndiye aliyempa utawala wa nchi.

"Na huyo babu alikuwa amehamia wapi?" nikauliza.

Alikaa kimya muda mrefu, akichezea tasbihi. "Bara," akasema.

"Basi, ami, huko bara ndiko kwa wajomba zetu."

Hakucheka, wala hakunikemea. Nikamweleza kwa adabu kwamba kufu, kwa walivyofundisha maulamaa wa madhehebu yetu, ni haki ambayo mwanamke na walii wake wakiridhia huweza kuisamehe. Na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza tumwoze yule ambaye dini yake na tabia yake zinaturidhisha. Mwisho alisema: "Wewe ndiye walii." Hakusema zaidi. Siku ya nikahi alichelewa, akaketi pembeni karibu na mlango. Lakini alipoombwa kusoma Fatiha, aliisoma.

Wasomaji wangu, sisemi kwamba ngano ni dini, wala sisemi kwamba ni tarikhi. Wazazi, watenganishieni watoto wenu mambo haya matatu, wayajue mapema. Lakini msizitupe ngano kwa sababu tu zina panya wa chuma, kwani anayeitupa huwaachia wengine waitumie wapendavyo. Tungaliisahau ngano yetu sote, ami angalibaki peke yake na majahazi yake saba, wala pasingekuwa na mtu wa kumkumbusha mke aliyekuwa akingoja ufukweni. Isimulieni yote, na mkifika kwa binti wa Mrimba msimpite haraka.

Na juu ya ngano zote liko neno la Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat, linalotufundisha kwamba ametuumba kwa mume na mke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni yule amchaye zaidi. Jahazi halikutajwa pale.

Namwomba Mungu anisamehe ukimya wangu wa siku ile barazani, na awape maarusi wetu kizazi chema, watakaosimuliwa kisa hiki pamoja na bibi yao wa Kisiwani ndani yake. Amin.