Peni moja, siku 31 na mikono ya Mama

Mpenzi msomaji, kama wewe ni bingwa wa kuanza mambo na kuyaachia njiani, sogea karibu, tuko wengi. Mwenzako niliwahi kuanza karate, nikaanza gita, nikaanza na kozi ya ufundi umeme. Zote niliziacha kabla hazijanoga. Pale nyumbani Temeke, Mama alishanipachika jina: Bwana Nitaendelea Kesho.

Basi bwana, mwaka jana mwishoni mwa Septemba mshikaji wangu mmoja akanipa habari za Inktober. Ni changamoto iliyoanzishwa mwaka 2009 na mchoraji wa Marekani, Jake Parker. Mwezi mzima wa Oktoba unachora kwa wino, picha moja kila siku, jumla 31. Raba haina kazi hapo, ukikosea, umekosea. Nikasema poa, hii haina gharama. Nikafukua kaunta buku la zamani, nikashika peni, kazi ikaanza.

Siku za mwanzo mzuka ulikuwa umepanda. Nikachora daladala, kuku wa jirani, ndala zangu. Siku ya 5 nikamchora Mama alfajiri akikaanga vitumbua. Jamani! Mikono ikatoka kama mihogo. Wadogo zangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Siku ya 12 ndipo kasheshe ilipoanza. Nimerudi usiku nimechoka, umeme umekatika, kichwani hamna kitu. Nikawasha mshumaa, nikachora kiberiti. Dakika tatu tu, kibaya kama nini, nikalala. Kumbe kiberiti kile ndicho kilichoniokoa! Siku mbaya haihitaji picha nzuri, inahitaji picha. Zamani ningengoja mzuka urudi, na mzuka, ndugu yangu, haumfuati mtu kitandani.

Nilipotaka tena kukata tamaa, nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, wala hakusomea chuo cha sanaa. Mwaka 1972 akafariki. Miaka kama 4 tu, na mpaka leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake. Mimi siku 31 zinishinde?

Siku ya 22 nikarudia mikono ya Mama. Safari hii niliitazama hasa, kidole kwa kidole. Kwenye kidole cha pete nikaona alama nyembamba tu. Pete hakuna.

"Mama, pete yako iko wapi?"

Akageuza kwanza kitumbua. "Niliiuza, mwanangu. Ulidhani ada ya kozi yako ilitoka wapi?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Kila asubuhi napokea chai na vitumbua kutoka mikono ile, lakini sikuwahi kuitazama. Ilibidi nipewe kazi ya kuichora ndipo niione. Siku hiyo picha haikumalizika vizuri, maana wino ulilowa. Msiniulize ulilowa na nini.

Tangu hapo sikuruka hata siku moja. Siku ya 31 nikachora mikono ile ile, na alama ya pete ikiwepo. Mama akalichukua buku, akafungua ukurasa wa mihogo, akalinganisha na huu wa mwisho. Akakaa kimya kidogo.

"Na kesho unachora nini?" akauliza.

Kesho yake sikuanza na kuchora. Asubuhi nilikwenda kule kwenye kozi kuulizia kama naweza kurudi. Wakanipokea, ila nianze upya, na ada safari hii natafuta mwenyewe. Kaunta buku naenda nalo kwenye begi.

Haya, wewe msomaji wangu, uliachia nini njiani? Kaifukue leo, hata kwa dakika tatu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.