Jiwe alilookota mwanangu Geita

Safari ya Mwanza kwenda Geita imekuwa fupi. Hatusubiri tena kivuko juani. Tunapita darajani kutoka Kigongo hadi Busisi kabla watoto hawajamaliza kugombania dirisha.

Tulikwenda kwa kaka yangu, mchimbaji mdogo. Kesho yake mwanangu wa miaka tisa alikuja mbio kutoka kwenye rundo la mawe karibu na karasha.

"Mama, tumetajirika!"

Jiwe lilikuwa na chembe za njano zinazong'aa, zenye pembe nne kama visanduku vidogo. Mjomba wake hakumcheka. Aligonga chembe moja kwa nyundo, ikasagika na kutoa harufu ya salfa. "Dhahabu ingebonyea tu, mjomba. Hii ni pairaiti."

Jioni jirani yao aliyesomea jiolojia alilishika jiwe lile, akatueleza. Pairaiti ni chuma na salfa, na inapoota ndani ya mwamba inaweza kunasa dhahabu ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Miamba ya Geita ina zaidi ya miaka bilioni 2.6. Ilizikwa, ikakunjwa, ikabanwa, ikapashwa joto. Madini laini ya salfa, kama yale yenye shaba, hujikunja na kutambaa. Pairaiti ni ngumu, yenyewe hupasuka. Joto likizidi, hupoteza sehemu ya salfa yake na kugeuka madini mengine, na dhahabu iliyokuwa imefungwa hutoka, ikatulia kwenye nyufa. Hiyo ndiyo wachimbaji wanayoiona. Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa huozesha pairaiti kama kutu na kuifungua dhahabu. Chini zaidi, nyingine hubaki imefungwa vilevile. (Mnakumbuka makinikia ya mwaka 2017? Nayo ni mchanga wa madini ya salfa yenye dhahabu na shaba.)

Kaka alikaa kimya. Duara lake limeshuka sana mwaka huu, mawe yamejaa salfa na dhahabu imepungua.

"Mimi nilikuwa naongeza zebaki," akasema.

"Zebaki inashika dhahabu inayoigusa tu," jirani akamjibu. "Iliyo ndani ya pairaiti hata umwage ndoo nzima hutaipata. Itabaki kwenye marudio."

Mimi nilikuwa namtazama wifi. Ana ujauzito wa miezi sita, na kikaango cha kuchomea zebaki kilikuwa palepale jikoni, hatua mbili kutoka sufuria ya maharage. Moshi wa zebaki hauna harufu ya kukuonya, na huharibu ubongo wa mtoto hata akiwa bado tumboni. Kwa hiyo kaka alikuwa anazidisha sumu nyumbani kwake bila kupata hata gramu ya ziada. Hilo liliniuma kuliko umaskini wenyewe.

Wifi hakusema neno. Alinyanyuka, akakichukua kikaango kwa kitambaa, akakipeleka mbali, nyuma ya karasha. Aliporudi alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, kisha akasogeza kuni chini ya maharage.

Jiwe tulirudi nalo.