Kompyuta Iulizayo Swali Moja Moja

Katika nyumba nyingi za hapa kwetu Mkomani, simu za kisasa zimewafanya wazee wawe wageni wa mambo yao wenyewe. Bibi yetu mzaa mama huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi, na baadhi ya wateja wake hukopa hadi mwisho wa mwezi. Tumeamrishwa kuandika deni, kama tusomavyo katika Suratul Baqara, aya ya 282. Lakini macho yake hayaoni tena mistari ya daftari, na programu za simu zimejaa vijipicha na matangazo. Ikawa kila deni lapitia kwa mjukuu, na siri za wateja hazikuwa siri tena.

Hata hivyo, bibi huyo huyo hutuma pesa kwa kabambe bila ya msaada wa mtu. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, humpa orodha fupi ya maneno: achague, aandike nambari, kiasi, kisha nambari ya siri. Swali moja, jibu moja. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, kama BBC Micro ya Uingereza iliyotoka mwaka 1981, zilikuwa na usahili huo: zilichomekwa kwenye runinga, zikaonyesha maandishi matupu, zikamngoja mtu aandike.

Mtindo huo wawezekana tena kwa gharama ndogo. Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, ilianza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Vijana wetu waliiunganisha na runinga kuukuu ya chumbani mwa bibi, wakaiandikia programu. Walipomwonyesha chaguo tisa, aliyafuta sita. Yakabaki matatu, kwa herufi kubwa: 1. Andika deni. 2. Deni limelipwa. 3. Jumla. Haihitaji intaneti wala haina tangazo.

Sasa, baada ya Isha, bibi hufunga mlango wake. Yeye peke yake ndiye ajuaye nani anadaiwa, nani ameongezewa muda na nani amesamehewa. Sisi hatuulizi.

Wazazi wenzetu, tunapowatafutia wazee wetu vyombo vipya, tuwaulize kwanza wanataka kufanya nini. Na vijana wanaojifunza kuandika programu wasiione kazi hii kuwa ndogo. Huenda ikawa ndiyo itakayomrudishia mzee hesabu zake mkononi.